Mashimo ya zai: kwa nini yako yalikataa, na jinsi ya kuyachimba upya kabla ya mvua ya Oktoba

Kila mwaka mvua ya vuli ikiisha napigiwa simu ile ile. "Nilichimba zai vile ulisema na sijavuna ata debe." Zai ni yale mashimo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua kwenye ardhi kavu. Nikienda kuangalia shamba nakuta makosa ni manne tu na yanajirudia, Kitui ni hayo, Makueni ni hayo, Tharaka ni hayo: shimo lilichimbwa mvua ishaanza, shimo lilijazwa udongo mpaka juu likalingana na ardhi, samadi iliwekwa mbichi ikachoma mbegu, na mbegu yenyewe ilikuwa mahindi ya msaada yaliyotolewa kwenye gunia la chakula. Hilo la nne ndilo linaniuma sana, tutalifikia.

Mimi mwenyewe msimu wa kwanza nilifanya mawili kati ya hayo manne, kwa hivyo sicheki mtu.

Mwongozo huu ni wa nyanda kavu za chini zenye mvua mbili kwa mwaka, na mvua ya kutegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Kama uko Turkana au Marsabit shamba lako linataka vizuizi vikubwa vya nusu duara kuliko vishimo, usinifuate hapa hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa jembe

Nitaandika vya mashimo 100. Usianze na ekari. Kwa vipimo nitakavyokupa, ekari moja inakula mashimo kama 2,200, na mtu mmoja kwenye udongo uliokauka akitoa 8 au 10 kwa siku amefanya kazi ya mwanaume (na wanawake wengi ninaowajua wanatoa 12). Mashimo 100 yaliyochimbwa sawasawa yanashinda 600 ya kukimbizwa, hii nimeiona mara nyingi sana.

- Sururu moja na jembe moja. Sururu ni muhimu, jembe peke yake kwenye gamba gumu la Septemba litakuvunja mgongo.
- Fimbo ya kupimia yenye urefu wa sentimita 60. Ikate alama tatu kwa kisu: 15, 20 na 45. Hii fimbo ndiyo mwalimu wako, usikadirie kwa macho.
- Kamba ndefu, mita 20 hivi, na vigingi.
- Fito mbili za mita 2 na moja ya mita 1, uzi na jiwe la kutosha mkononi. Hizi ni za kutengeneza fremu ya A.
- Samadi iliyooza, debe moja kwa kila shimo. Debe 100 ni kama wilibaro 33. Ndio, ni nyingi, ndio maana tunaanza kukusanya Juni.
- Nyasi kavu, mabua ya msimu uliopita au majani, chochote cha kufunika udongo.
- Mbegu. Mbegu, si nafaka.
- Chakula cha wiki mbili hadi tatu ndani ya nyumba.

Hicho cha mwisho watu wanashangaa nikikiweka kwenye orodha ya vifaa vya shamba. Soma hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Panga chakula kwanza, halafu siku za kuchimba

Kuchimba zai ni kazi ya wakati wa njaa. Haina namna nyingine, lazima ichimbwe Julai, Agosti na Septemba wakati shamba limekauka, na huo ndio wakati ghala halina kitu kama mvua ya Machi ilikataa. Ukame ule wa kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikataa misimu mitano mfululizo, na niliona watu wakianza mashimo kwa nguvu wakaacha katikati. Haikuwa uvivu, mtu hakuwa na kitu tumboni.

Kwa hivyo kama kijiji chenu kinapata chakula cha msaada au pesa za msaada kwa simu, hicho ndicho kinakununulia wiki za kuchimba. Fanya hesabu hivi.

Mgao kamili kwa kawaida unapigwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kwa nafaka hiyo mara nyingi inakuwa kama gramu 400 za mahindi au mtama, halafu kuna maharagwe au dengu kidogo, mafuta na chumvi. Nyumba ya watu 6 ni kilo 2.4 za nafaka kwa siku. Gunia la kilo 50 ni siku 20, basi. Ukipewa nusu ya hiyo, na mara nyingi huwa nusu, ni siku 10, na hizo siku 10 ndizo za kuchimba.

Panga kazi nzito wiki ile ile chakula kimefika. Watu wengi wanafanya kinyume, chakula kikifika wanapumzika na kikiisha ndio wanakumbuka shamba, sasa unachimba na njaa na unachimba vibaya, shimo linakuwa la sentimita 25 na unajiambia inatosha.

Chimba saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, halafu jioni kwa muda wa saa moja hivi kama nguvu ipo. Jua la saa sita waachie kenge.

Maonyo matatu hapa, na usiyaruke:

Unimix (ule unga wa uji wa lishe) na zile pakiti za watoto wenye utapiamlo ni dawa. Zimepewa yule mtoto au mama mjamzito aliyeandikiwa. Usizipikie wachimbaji.

Mama mjamzito na anayenyonyesha asipewe sururu. Kama mradi wenu ni wa chakula kwa kazi, nyumba yake inaweza kutoa mtu mwingine au apewe kazi nyepesi ya kukata nyasi, ulizeni kamati, msinyamaze.

Kuandikwa jina kwenye orodha ya msaada ni bure. Mtu akikuomba kitu kidogo ili jina lako liingie, lipeleke kwenye baraza mbele ya watu, au tumia ile namba ya malalamiko inayobandikwa siku ya kugawa. Pale kwetu kuna mtu alikuwa anakusanya "ya karatasi" nyumba kwa nyumba, na siku mama mmoja alisimama barazani akauliza karatasi gani, mchezo ukaisha siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua mahali

Zai inapenda ardhi iliyochoka. Ile sehemu ambayo maji ya mvua yanateleza juu yake kama kwenye bati, imeota gamba, nyasi zimekataa, hapo ndipo. Usichimbe kwenye kipande chako kizuri, hicho kipande tayari kinakunywa maji.

Mahali pa kuepuka:

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama gundi mvua ikinyesha. Shimo litageuka bwawa na mizizi itaoza. Mvua zile za El Niño za mwisho wa 2023 zilitufunza hilo kwa uchungu.

Mchanga mtupu. Shimo linabomoka na maji yanapita chini moja kwa moja.

Mteremko mkali. Kama ukiweka wilibaro inajiendea yenyewe, hapo tengeneza kwanza matuta ya "fanya juu", yale ya mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu. Mashimo kwenye mteremko mkali yanafurika moja linaangusha lingine mpaka chini.

Pima kwa sururu kabla hujaamua. Chimba shimo moja la majaribio la sentimita 45. Ukigonga mwamba kabla ya 30, sogea.

## Hatua ya 3: Tafuta mstari wa usawa

Hapa ndipo watu wanaona ninasumbua. "Si naona mteremko kwa macho?" Huoni. Macho yanadanganya, na mstari ukiwa umeinama kidogo tu, maji yatatembea na mstari yakusanyike mwisho mmoja, mashimo ya huko yafurike na haya mengine yakae makavu.

Fremu ya A inatengenezwa nusu saa. Funga fito mbili za mita 2 juu zikutane, zitanue chini, funga ile ya mita 1 katikati iwe mkono. Kutoka juu ninginiza uzi wenye jiwe, uzi upite kwenye ule mkono bila kugusana sana.

Sasa isawazishe. Isimamishe popote, weka vijiwe pale miguu miwili imekanyaga, na weka alama pale uzi unagusa mkono. Halafu igeuze, mguu wa kushoto ukanyage pale wa kulia ulikuwa. Weka alama ya pili. Katikati kabisa ya hizo alama mbili ndipo usawa ulipo, chora hapo mstari mkubwa usiofutika.

Anza upande wa juu wa shamba. Kanyagisha mguu mmoja, zungusha mwingine juu na chini mpaka uzi ukae kwenye mstari wako, piga kigingi, endelea. Siku yenye upepo usifanye, jiwe litacheza na utamtukana mtu bure.

Ukimaliza utaona vigingi vimepinda kama nyoka. Ni sawa hivyo. Laini iliyonyooka kabisa kwenye shamba la mteremko ndiyo ingenitia wasiwasi.

## Hatua ya 4: Chimba

Vipimo, na ninaomba usibadilishe msimu wa kwanza:

Shimo ni 60 kwa 60, kina 45. Kutoka shimo hadi shimo kwenye mstari acha sentimita 60. Kutoka mstari hadi mstari acha 90. Na mashimo ya mstari wa pili yapishane na ya mstari wa kwanza, vile matofali yanapishana kwenye ukuta, ili maji yakikosa shimo la juu yaangukie la chini.

Kwa nini hiyo nafasi kubwa katikati? Watu wanaiona ni ardhi ya bure, wanasogeza mashimo yabanane. Hiyo nafasi ndiyo bati lako la kuvuna maji. Fuata hii hesabu: mvua ya milimita 1 kwenye mita mraba moja ni lita 1. Kila shimo pamoja na eneo lake ni mita 1.2 kwa 1.5, yaani mita mraba 1.8. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, ndani ya shimo lenyewe zinaanguka lita 7 na kidogo. Lakini kwenye ile ardhi ya kando zinaanguka lita karibu 29, na ata theluthi yake tu ikiteleza kuingia shimoni, shimo lako limepata zaidi ya mara mbili ya mvua aliyopata jirani yako kwenye shamba la kulima na ng'ombe. Ukibananisha mashimo umeng'oa bati. Na usiilime hiyo nafasi, iache ngumu.

Namna ya kuchimba yenyewe:

Sentimita 20 za kwanza ni udongo wa juu. Huo ndio wenye uhai. Uweke upande wa juu wa mteremko au kando, peke yake.

Zinazofuata, kutoka 20 hadi 45, ni udongo wa chini, mara nyingi mwekundu au wenye kokoto. Huo uweke upande wa chini wa shimo, uupange nusu mwezi kama kikombe kinachotazama juu. Ukanyage. Hiyo ndiyo kingo ya kuzuia maji yasitoke.

Usichanganye hizo mbili. Nikikuta marundo yamechanganyika huwa naomba mtu aanze upya na huwa hanipendi siku hiyo.

Kila kingo iwe na mlango mdogo pembeni, upana wa kiganja, wa maji ya ziada kutokea. Bila mlango mvua kubwa moja inabomoa kingo nzima na inaondoka na samadi yako.

Onyo la watoto na mbuzi: shimo wazi la 45 linavunja mguu wa mbuzi na mtoto anayekimbia usiku. Usiache mashimo 100 wazi miezi miwili. Chimba leo, jaza wiki hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Jaza, lakini usijaze

Kosa namba moja kwenye mashamba niliyotembelea liko hapa. Mtu amechimba vizuri kabisa, kisha anarudisha udongo wote mpaka shimo linalingana na ardhi, eti lionekane nadhifu. Hilo si shimo tena, ni shamba la kawaida ulilolihangaikia.

Chukua ule udongo wa juu, changanya na debe moja la samadi iliyooza, rudisha. Ukifuata vipimo vyangu mchanganyiko huo utafika wenyewe mahali pa kubaki na sentimita 15 juu. Weka fimbo, alama ya 15 ikae sawa na ukingo wa ardhi. Hizo 15 tupu ndizo sufuria ya maji. Udongo wa chini haurudi shimoni, unabaki kingo.

Samadi mbichi ni hatari. Inachemka ikilowa, inachoma mche, na inaleta mbegu za magugu. Utajuaje imeiva? Ingiza mkono katikati ya lundo. Ikiwa na joto bado. Ikinuka mkojo bado. Iliyoiva ni nyeusi, inavunjika vidoleni, inanuka udongo wa msituni. Kama yako ni mbichi na ni Julai, ilundike kivulini, ilowanishe kidogo, ifunike, igeuze kila wiki mbili, Septemba itakuwa tayari. Samadi ya mbuzi ni kali kuliko ya ng'ombe, nusu debe inatosha.

Mchwa wakiingia shimoni kula samadi na nyasi kiangazi, usiwapigie dawa. Wanatoboa njia, na maji ya mvua ya kwanza yanapita kwenye hizo njia. Shida ya mchwa ni baadaye mahindi yakikomaa, hapo ndio wanaangusha mabua, hiyo ni sababu nyingine ya kupenda mtama.

Tandaza nyasi juu, funika shimo. Sasa subiri. Kufika hapa kama ni katikati ya Septemba uko vizuri sana.

## Hatua ya 6: Mbegu, na lile gunia la msaada

Sasa tuongee ukweli. Mahindi ya msaada si mbegu. Mengi yametoka mbali, pengine sehemu za mvua nyingi, mengi ni mazao ya mahindi chotara kwa hivyo ukipanda yanatoka sampuli sampuli, mengine yanataka miezi mitano na mvua yako ni wiki nane. Yatamea, ndio, na hapo ndipo yanakudanganya, yatakuwa kijani na marefu na mvua itakatika yakiwa yanaanza tu kutoa mbelewele. Na zile dengu za manjano zilizopasuliwa katikati haziwezi kumea kabisa, mbegu iliyopasuliwa imekufa, nimeona mama amezipanda mistari minne.

Kinyume chake pia ni kweli na ni hatari zaidi: mbegu iliyopakwa rangi, nyekundu, kijani au buluu, ina dawa. Haioshwi ikaliwa. Haipewi kuku. Ata njaa iwe imefika wapi.

Kama msaada umekuja na mbegu, itakuwa kwenye pakiti yenye jina la aina na tarehe. Usipoona jina, chukulia ni chakula.

Cha kupanda kwenye zai za ukanda huu:

Mtama, na aina ya Gadam ndiyo ninaanza nayo, ni mfupi na unakomaa kwa kama miezi mitatu.

Ndengu, N26 ile watu wanaita nailoni. Karibu siku 65 unavuna.

Kunde, K80. Unakula majani na unakula punje. Usichume majani yote tu, acha mmea upumue.

Mahindi kama lazima yawepo, yawe ya Katumani au mengine ya nyanda kavu yanayokomaa mapema. Weka mashimo 20 kati ya 100, yasizidi. Najua, najua, bila ugali wa mahindi watu hawajala. Lakini hesabu mwenyewe misimu uliyovuna mahindi na misimu uliyovuna mtama.

Jaribu mbegu kabla. Hesabu 50, zipange kwenye kipande cha gunia kilicholowa, kunja, weka kivulini, nyunyizia maji kila siku. Siku ya 6 hesabu zilizoota. Zikiwa 40 au zaidi panda kawaida. 30 hadi 39, ongeza mbegu kwenye kila kituo. Chini ya 30 tafuta nyingine, ile ipike (kama haina dawa).

## Hatua ya 7: Kupanda

Sikiliza utabiri wa idara ya hali ya hewa wa kaunti yako, unatoka kabla ya msimu na unasomwa kwenye redio za lugha zetu. Ile ripoti ya kila mwezi ya NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, pia inasema kaunti iko hatua gani, kama ni tahadhari au imeshuka zaidi. Lakini siku ya kupanda inaamuliwa na shimo lenyewe.

Mvua ya kwanza ya Oktoba huwa na uongo. Inanyesha siku moja, watu wanakimbia na mbegu, kisha inakaa kimya wiki tatu. Ndengu ikiota ikakosa maji wiki tatu imekwisha na mbegu umeipoteza.

Chukua fimbo yako, isukume ndani ya shimo. Ikiingia 30 kwa urahisi na ukichota udongo wa chini ukafinya ukakaa bonge, panda siku hiyo au kesho yake asubuhi. Ikigonga pakavu kwa 15, subiri. Mtama unaweza kuthubutu kuupanda siku chache mapema, ndengu na kunde usithubutu.

Sogeza nyasi kando, panda hivi:

Mahindi: mbegu 5 zibaki 5, pembe nne na katikati, kina sentimita 5. Usiweke 9. Nilisikia 9 inafundishwa, huko kwenye mvua nyingi sawa, huku kwetu zinanyang'anyana maji zote zinakosa.

Mtama: vituo 4, kila kimoja punje 4 au 5, kina 2 hadi 3. Ukifika urefu wa kiganja ng'oa ubaki na miche 2 kila kituo, jumla 8.

Ndengu au kunde: mbegu 9, mistari mitatu ya mbegu tatu tatu, kina 3 hadi 4.

Kung'oa miche ndiyo kazi watu hawana moyo nayo. Mche mzuri wa kijani, unaung'oaje njaa imetoka juzi? Ng'oa. Mpe mbuzi. Miche 16 ya mtama kwenye shimo moja itakupa mabua 16 na hakuna suke la maana.

## Hatua ya 8: Wiki nane za kulinda

Rudisha nyasi kuzunguka mimea ikishafika urefu wa kiganja. Palilia ndani ya shimo tu, kwa mkono au panga ndogo, mara mbili.

Baada ya kila mvua kubwa zunguka na jembe. Kingo iliyopasuka irudishe siku hiyo hiyo. Angalia pia maji yanasimama kwa muda gani: yakiisha ndani ya siku moja, safi. Yakikaa siku mbili na majani yanageuka manjano, fungua mlango uwe mkubwa, yatoke.

Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia Kenya 2017, anapenda mahindi kwanza. Pita mara mbili kwa wiki asubuhi, fungua moyo wa mmea, ukiona unga kama wa msumeno yuko ndani, mtoe umponde, na mayai yaliyoganda kwenye majani yapondeponde. Kwa mashimo 20 ya mahindi mikono inatosha kabisa, huhitaji kununua dawa.

Ndege kwenye Gadam, hapo siwezi kukudanganya, ni vita. Punje yake haina uchungu na kwelea wanajua. Kuanzia punje zikiwa na maziwa mpaka zikauke ni kama wiki tatu na mtu lazima awepo alfajiri na jioni. Majirani wakipanda siku moja hasara inagawanyika. Shamba la mtama likiwa peke yake kijiji kizima, limekuwa hoteli.

## Hatua ya 9: Kuvuna, kukausha, kutenga mbegu

Usikaushe juu ya udongo. Turubai, au mkeka, au kichanja. Hii si mambo ya usafi tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 upande huu wetu, Makueni na Kitui ndizo ziliumia zaidi, na yalikuwa mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu.

Jaribio la chumvi: chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, weka kiganja cha punje na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa punje bado zina unyevu, rudisha juani. Ikianguka yote chini, weka kwenye magunia yasiyopitisha hewa, funga kila tabaka peke yake.

Punje iliyoota ukungu au iliyobadilika rangi itoe. Usimpe kuku wala ng'ombe, sumu inapita hadi kwenye maziwa.

Mbegu inachaguliwa ikiwa bado shambani, kabla ya kuvuna. Funga uzi mwekundu kwenye mashuke 30 mazuri ya mtama yaliyokomaa mapema, na kwenye mashimo 10 ya ndengu zilizobeba vizuri. Hizo zinavunwa peke yake, zinakauka peke yake, zinachanganywa na jivu lililochujwa na kuwekwa kwenye chombo tofauti ambacho watoto wanajua hakifunguliwi. Bibi zetu walizining'iniza juu ya moshi wa jikoni na ilifanya kazi. Mtama, ndengu na kunde unaweza kurudia hivi msimu baada ya msimu. Mahindi chotara usirudie.

## Msimu wa pili

Usichimbe upya. Mashimo yale yale yanakaa misimu miwili au mitatu. Acha mizizi ya zamani ndani ioze, legeza udongo wa juu kwa jembe, ongeza nusu debe la samadi, hakikisha zile sentimita 15 bado zipo maana tope la msimu uliopita limezijaza kidogo. Palipokuwa mtama weka ndengu, palipokuwa ndengu weka mtama.

Zile wiki ulizookoa za kuchimba, chimba mengine 100 chini yake. Kama samadi haitoshi ya mashimo 100 mapya, chimba 40.